Mwongozo kamili wa kupika bia nyumbani: lita ishirini za eli ya Kimarekani

Mwongozo huu unahusu bia moja tu, nayo ni eli ya Kimarekani yenye rangi ya asali, ile ambayo kwenye chupa za dukani huandikwa Pale Ale: kileo cha asilimia 5 hivi, uchungu wa wastani, na harufu ya balungi inayotokana na maua ya hopsi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba haimfichi mpishi, kwa maana kosa la usafi au la joto hujitokeza wazi kwenye glasi, lakini wakati huohuo haina makuu kama laga, ambayo hudai majuma mengi ya baridi. Ya pili ni kwamba historia ya viwanda vidogo vya bia nchini Marekani imepita ndani ya bia hii, kiasi kwamba mtu akiipika mara tatu au nne kwa mikono yake, habari anazozisoma kuhusu viwanda vinavyofungwa, mashamba ya hopsi yanayong'olewa na kampuni kubwa zinazonunua ndogo huacha kuwa habari za watu wengine na kuanza kuhusu sufuria yake mwenyewe.

Mimi hupikia katika gereji mjini Portland, jimbo la Oregon, kwa hiyo maji, maduka na hali ya hewa ninayoizungumzia ni ya huku. Vipimo vyote hata hivyo ni vya lita na gramu, na vinafaa popote.

Sheria kwanza

Nchini Marekani bia ya nyumbani ilihalalishwa na sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978 na kuanza kutumika Februari 1979. Marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, yaani takriban lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, mradi bia hiyo isiuzwe. Majimbo nayo yana sheria zake, na Mississippi na Alabama hazikuruhusu jambo hili hadi mwaka 2013. Uingereza iliondoa leseni na ushuru wa bia ya nyumbani mwaka 1963. Msomaji aliye Afrika Mashariki au Ghuba aangalie sheria ya mahali alipo kabla ya kununua hata kizibo kimoja.

Vifaa

Sufuria iwe ya lita 40, ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu tutaanza na lita 30 za maji na kimea kitaongeza zaidi ya lita 3 juu yake. Sufuria ndogo kuliko hiyo ndiyo chanzo cha jiko lililofunikwa na utomvu mtamu ulioungua. Jiko la gesi litumike nje au mlango wa gereji ukiwa wazi kabisa, kwani moto mkubwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Vingine vinavyohitajika ni mfuko mkubwa wa kitambaa cha nailoni unaoenea sufuria nzima, mwiko mrefu, kipimajoto cha kuaminika, mizani inayopima gramu, haidromita (kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa kioevu ukilinganishwa na maji) pamoja na bomba lake la kupimia, koili ya shaba ya kupoozea, ndoo ya lita 30 ya plastiki ya chakula yenye mfuniko na kidude cha kutolea hewa kinachojazwa maji, ndoo ya pili yenye bomba chini, mpira wa kuhamishia, chupa 40 za kahawia za nusu lita, vizibo, na mashine ya mkono ya kuvikandamiza.

Chupa ziwe za kahawia kwa sababu mwanga wa jua huvunja viambato vya hopsi na kuzalisha harufu ya kicheche. Anayekunywa laga ya chupa ya kijani iliyokaa dirishani dukani anaijua harufu hiyo hata kama hajui jina lake.

Jambo linalowachanganya wengi ni tofauti kati ya kusafisha na kuua vijidudu. Sabuni ya unga ya vyombo vya bia huondoa uchafu unaoonekana. Dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa huua kile kisichoonekana, lakini haiwezi kufanya kazi yake juu ya uchafu. Kila kitu kitakachogusa bia baada ya kuchemka, kuanzia mfuniko hadi ncha ya haidromita, lazima kipitie hatua zote mbili kwa utaratibu huo. Upishi wangu wa pili wote niliumwaga kwa sababu ya bomba moja la ndoo ambalo nililiosha nje tu bila kulifungua, na ndani yake mlikuwa na utando wa bia ya mwezi uliotangulia.

Viambato

Kwa lita 21 zitakazoingia kwenye ndoo, nunua kilo 4.5 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 400 za kimea cha karameli cha rangi ya kati, kile ambacho huku kinauzwa kwa namba 60. Omba duka likusagie: punje zivunjike vipande vitatu au vinne, maganda yabaki, na unga usiwe mwingi. Hopsi ni gramu 20 za Magnum zenye asidi za alfa, yaani chanzo cha uchungu, asilimia 12 hivi, na gramu 105 za Cascade zenye asilimia 6 hivi. Hamira ni paketi moja ya gramu 11.5 ya SafAle US-05. Ongeza nusu kidonge cha metabisalfaiti (dawa ya kuondoa klorini) na gramu 5 za jasi kwa ajili ya maji, na gramu 120 za sukari ya mezani kwa ajili ya siku ya chupa.

Msomaji aliyekulia Uchagani hatakuwa mgeni hapa. Mbege, pombe ya kienyeji ya huko, hutumia kimea cha ulezi uliooteshwa na kukaushwa, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe. Bia tunayoipika hutumia kimea cha shayiri na ua la hopsi kwa kazi zilezile mbili, yaani utamu wa kulisha hamira na uchungu wa kuusawazisha.

Cascade inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa bila yake bia hii isingekuwapo. Ni zao la utafiti wa serikali uliofanyika Corvallis, mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa hapa nilipo, kutokana na mmea uliopatikana mwaka 1956 katika ukoo wa Fuggle ya Kiingereza na Serebrianka ya Kirusi, na ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972. Viwanda vikubwa vya wakati ule vilitafuta hopsi za harufu ya upole zinazofanana na zile za Ujerumani, lakini Cascade ilinukia balungi na maua. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani mjini Chico, California, aliijengea kiwanda cha Sierra Nevada kwa kutumia mitambo ya zamani ya maziwa, akaanza kupika mwaka 1980, na Pale Ale yake ndiyo iliyowafundisha Wamarekani kwamba harufu hiyo ni sifa, si kasoro.

Unaponunua hopsi tazama mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye paketi, na hapa ndipo habari za sekta zinapokuwa na faida ya moja kwa moja. Miaka kadhaa wakulima wa kaskazini magharibi mwa Marekani walipanda hopsi nyingi kuliko viwanda vilivyohitaji, maghala yakajaa, na mashamba yakapunguzwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Kwa mpishi wa nyumbani maana yake ni bei nzuri na pia hatari ya kuuziwa mzigo wa miaka mitatu. Hopsi iliyofungwa bila hewa na kuhifadhiwa kwenye baridi huvumilia; ile iliyokaa rafuni kwenye joto la duka hunuka jibini kuukuu, nayo isinunuliwe hata kwa nusu bei.

Maji

Bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na bado hii ndiyo sehemu inayorukwa haraka zaidi. Maji ya bomba mjini Portland ni mepesi sana, karibu hayana madini, na hutiwa klorini iliyounganishwa na amonia ili idumu mabombani. Dawa hiyo haiondoki kwa kuchemsha kirahisi kama klorini ya kawaida, na ikikutana na kimea na hamira huzalisha ladha ya plasta ya jeraha. Nusu kidonge cha metabisalfaiti, kikipondwa na kukorogwa katika lita 30, huimaliza kwa dakika chache. Jasi hurudisha kalsiamu ambayo hamira na vimeng'enya vinaihitaji, na salfeti yake huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wa kukata. Mji wa Burton upon Trent nchini Uingereza ulipata sifa ya eli zake katika karne ya 19 kwa sababu visima vyake vina jasi ya asili. Sisi tunaiga visima hivyo kwa kijiko. Anayeishi kwenye maji magumu apunguze jasi au aiache.

Kuloweka kimea

Weka lita 30 za maji kwenye sufuria, tia metabisalfaiti na jasi, kisha pasha hadi nyuzi 70 za Selsiasi. Zima moto, tandaza mfuko ndani, na umimine kimea polepole huku mtu wa pili akikoroga kwa mwiko, kwa sababu kimea kikimiminwa kwa mkupuo hufanya madonge yenye unga mkavu katikati, na wanga uliomo humo haugeuki sukari. Kilo 4.9 za kimea chenye joto la chumba zitaishusha joto hadi nyuzi 67, na hapo ndipo tunapotaka. Funika sufuria, izungushie blanketi zito, na uiache kwa dakika 60, ukikoroga na kupima joto mara mbili.

Kinachotokea chini ya mfuniko ndicho kiini cha upishi wote. Shayiri ilipooteshwa kiwandani ilitengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake. Ikakaushwa kabla haijaula. Maji moto huviamsha vimeng'enya hivyo. Kimoja hupenda joto la nyuzi 60 hadi 65 na hukata sukari fupi ambazo hamira huzila zote. Kingine hupenda nyuzi 68 hadi 72 na huacha sukari ndefu zinazobaki kwenye bia na kuipa uzito mdomoni. Nyuzi 67 ni suluhu kati ya viwili hivyo. Ukiloweka kwa nyuzi 64 utapata bia kavu na nyepesi. Kwa nyuzi 69 utapata nzito yenye utamu kidogo. Kwa hiyo kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi tatu hukupikia bia nyingine kabisa, na ni vizuri kukijaribu kwanza katika maji ya barafu na maji yanayochemka.

Baada ya dakika 60 onja kijiko kimoja. Aliyekunywa togwa ataitambua ladha hii mara moja: tamu, ya nafaka, isiyo na kileo. Inua mfuko juu ya sufuria, uache uchuruzike, na uukamue kwa mikono yenye glavu bila woga. Onyo la zamani kwamba kukamua huleta ukakasi sijaliona likithibitika katika glasi yangu hata mara moja. Machicha wape kuku wa jirani. Mbwa wasipewe yakishachanganyika na hopsi, kwani hopsi ni sumu kwao.

Kuchemsha

Sasa una takriban lita 26 hadi 27. Washa moto mkubwa na usiondoke, maana kioevu hiki kinapokaribia kuchemka hupandisha povu zito la protini ambalo humwagika ndani ya sekunde chache. Mpulizio wa maji baridi na mwiko hulitiisha. Povu likitulia, tia gramu 20 za Magnum na uanze kuhesabu dakika 60, ukiacha sufuria wazi ili mvuke uondoke na harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo vimea vyeupe huitoa.

Asidi za alfa za hopsi haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu mwingi mpaka zichemke na kubadilika umbo, kazi inayohitaji karibu saa nzima; mafuta yenye harufu, kinyume chake, hupeperuka kwa dakika chache. Ndiyo maana hopsi moja hutiwa mwanzoni kwa ajili ya uchungu na nyingine mwishoni kwa ajili ya pua. Zikibaki dakika 10, tumbukiza koili ya shaba ili ichemke na kujisafisha, na utie gramu 25 za Cascade. Dakika ya 60 zima moto, tia gramu 40 za Cascade, koroga, na subiri dakika 10 kabla ya kuanza kupooza. Uchungu utafika 35 hivi kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia, ambavyo kwa ladha ni uchungu unaosikika wazi lakini hauburuzi ulimi.

Pitisha maji baridi ndani ya koili hadi kioevu kishuke kwenye nyuzi 20. Kasi ni muhimu, kwa kuwa chini ya nyuzi 60 kioevu hiki kitamu ni karamu kwa kila bakteria inayopita hewani, na tangu wakati huu hakuna chombo kinachoingia ndani bila kupitia dawa. Hamisha kwenye ndoo ukiacha matope ya hopsi chini ya sufuria, na kiache kianguke kutoka juu kwa kishindo ili kishike hewa. Huu ndio wakati pekee ambapo oksijeni inaruhusiwa. Jaza bomba la kupimia, tumbukiza haidromita na uandike namba, ambayo inapaswa kuwa karibu na 1.050. Ikiwa ni 1.045 au 1.054, usirekebishe chochote mara hii ya kwanza. Andika tu.

Hamira na majuma mawili ya subira

Nyunyiza hamira juu ya kioevu, funika, jaza maji kwenye kidude cha kutolea hewa, na uiweke ndoo mahali penye giza na joto la nyuzi 18. Mbegu ya US-05 ni ya ukoo uleule unaohusishwa na kiwanda cha Sierra Nevada, na wapishi huuita kwa jina la mji wa Chico. Ni hamira safi isiyoongeza harufu nyingi zake yenyewe, mradi isipate joto la kupita kiasi.

Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza hatua moja tu ya mwongozo huu, ningesisitiza hii. Wapya wengi hutumia fedha kwenye sufuria ya kung'aa na hopsi za gharama, kisha huiacha ndoo jikoni penye nyuzi 26. Hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya ndoo huweza kuzidi chumba kwa nyuzi 2 hadi 4. Ikifika nyuzi 25 katika siku tatu za mwanzo huzalisha harufu za viyeyushio na pombe nzito zinazosemwa kumpa mnywaji maumivu ya kichwa. Asiye na friji ya kudhibiti joto aiweke ndoo ndani ya beseni la maji, aivishe fulana ya pamba inayofyonza maji hayo, na auelekeze upepo wa feni; maji yanapokauka kwenye nguo huishusha joto kwa nyuzi kadhaa, kwa kanuni ileile ya mtungi wa udongo. Huku Portland mimi hupika kuanzia Oktoba hadi Mei na kuiacha gereji ifanye kazi hiyo bure.

Ndani ya saa 12 hadi 24 mapovu yataanza kutoka. Siku ya tatu povu litakuwa kubwa, na siku ya sita litaanza kuanguka. Hapo ruhusu joto lipande hadi nyuzi 20 au 21 ili hamira imalizie kusafisha ladha ya siagi ambayo yenyewe iliizalisha mwanzoni. Kidude kikinyamaza usidhani bia imekwisha, kwani kidude huonyesha tu kama hewa inatoka. Kipimo cha kweli ni haidromita: chukua sampuli siku ya 10 na nyingine siku ya 13, na namba zikiwa sawa, karibu na 1.010, hamira imemaliza. Toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo na uzidishe kwa 131, kutoka 1.050 hadi 1.010 unapata asilimia 5.2 ya kileo. Sampuli inywe, isirudishwe ndoo.

Gramu 40 za Cascade zilizobaki hutiwa bila kuchemshwa, siku ya 10, moja kwa moja ndani ya ndoo, na hukaa siku tatu tu. Ni desturi ya Kiingereza ya kale ambayo Fritz Maytag, aliyeinunua Anchor, kampuni ya bia ya San Francisco, mwaka 1965 ikiwa karibu kufa, aliitumia kwenye bia yake ya Liberty Ale ya mwaka 1975 pamoja na Cascade, iliyokuwa ngeni wakati huo. Anchor iliuzwa kwa kampuni ya Sapporo ya Japani mwaka 2017 na ikafungwa Julai 2023, miaka 127 baada ya kuanzishwa. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Hamdi Ulukaya, mfanyabiashara wa mtindi. Siku ilipofungwa, wengi waliomboleza kwenye simu zao. Mimi nilifungua mfuniko na kutia hopsi, kwa sababu njia yenyewe haikuwa na hati ya kumilikiwa na mtu.

Siku ya chupa

Chemsha gramu 120 za sukari katika mililita 300 za maji kwa dakika tano, ipoe, kisha uimimine kwenye ndoo ya pili iliyotiwa dawa. Hamisha bia juu yake kwa mpira ambao ncha yake inagusa chini, ili bia ijizungushe taratibu bila kurusha matone. Oksijeni tuliyoikaribisha siku ya kwanza sasa ni adui, na bia iliyopigwa hewa siku ya chupa huonja boksi lililoloa baada ya mwezi mmoja. Koroga polepole mara moja, jaza chupa ukiacha nafasi ya vidole viwili, na ukandamize vizibo.

Hesabu ya sukari isichezewe. Gramu 6 kwa lita huipa bia hii gesi ya kutosha. Gramu 12, au bia iliyotiwa chupani kabla namba hazijatulia, hugeuza kila chupa kuwa bomu la vioo. Tumia chupa nzito za bia zilizotengenezwa kwa vizibo vya kukandamiza, uziweke ndani ya boksi lililofungwa, na ujaze chupa moja ya plastiki ya soda pamoja nazo. Chupa hiyo ndiyo kipimo chako: siku ya kwanza hubonyea, na ikishakuwa ngumu kama mpya ya dukani gesi imeingia. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 24 hilo huchukua majuma mawili.

Kuonja, na chupa ya kulinganisha

Weka chupa mbili kwenye friji kwa siku mbili ili mashapo ya hamira yashikamane chini. Siku hiyohiyo nunua chupa moja ya bia ya kiwanda ya aina hii, lakini isome kabla ya kuilipia. Tafuta tarehe ya kufungwa: eli ya hopsi iliyozidi miezi mitatu haikuonyeshi mpishi alichokusudia. Kisha tafuta mwenye kiwanda, kwa sababu jina la zamani kwenye chupa halisemi bia inapikwa wapi siku hizi. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na kampuni kubwa ya bia ya AB InBev mwaka 2011 kwa dola milioni 38.8, na Stone ya California ilichukuliwa na Sapporo mwaka 2022. Tangu mwaka 2017 chama cha viwanda vidogo, Brewers Association, kimetoa alama ya chupa iliyopinduliwa juu chini kwa wale ambao hawajamilikiwa na kampuni kubwa za pombe kwa robo au zaidi. Alama hiyo haithibitishi utamu, nami nimekunywa bia mbovu zenye alama na nzuri zisizo nayo. Inakueleza tu fedha yako inakwenda wapi. Katika nchi yenye viwanda vya bia zaidi ya 9,000, ambako mwaka 2024 vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa, hilo si jambo dogo. BridgePort, kiwanda kilichoanzishwa hapa Portland mwaka 1984, kilifungwa mwaka 2019 huku watu wakiendelea kusema wanakipenda.

Mimina bia zote mbili kwenye glasi zinazofanana, ukiacha mashapo ya yako chupani. Tazama povu, nusa kabla ya kunywa, kisha onja yako kwanza. Plasta ya jeraha ni klorini ya maji au uchafu. Tufaa bichi ni bia iliyotolewa kwenye hamira mapema, siagi pia. Uchachu mkali ni bakteria, na dawa yake ni kuifungua ndoo yote vipande na kubadilisha mipira. Bia tamu isiyo na gesi imewekwa mahali pa baridi mno, kwa hiyo rudisha chupa kwenye joto kwa juma moja zaidi. Ikiwa harufu ya hopsi ni hafifu kuliko ya dukani lakini kila kitu kingine ni safi, upishi umefaulu: viwanda hutumia matangi yasiyopitisha hewa hata kidogo, na pengo hilo huzibwa kwa kunywa bia yako ikiwa changa.

Andika yote haya kwenye daftari lenye namba za siku ya upishi, kisha panga upishi wa pili kwa mapishi yaleyale na badiliko moja tu. Pendekezo langu ni kubadilisha hopsi za mwisho: mahali pa gramu 40 za Cascade za kuzima moto weka gramu 30 za Centennial, ambayo ina asidi za alfa zinazokaribia asilimia 10 na harufu ya ndimu kuliko balungi. Joto la kuloweka libaki nyuzi 67, hamira ileile, nyuzi 18 zilezile. Na kabla hujagawa bia ya kwanza kwa majirani, ambao wataimaliza haraka kuliko unavyodhani, andika tarehe kwenye vizibo vya chupa mbili na uzifiche nyuma ya friji zikisubiri siku ya kufungua za pili.